Jina lako limeandikwa wapi?

Mpendwa msomaji, leo ukitoka ibadani usikimbilie nyumbani. Simama kidogo nje ya mlango wa kanisa lako, uangalie ukutani. Huenda utakuta kibao cha marumaru kinachosema kwamba jiwe la msingi liliwekwa tarehe fulani, na mtu fulani, mwenye cheo fulani. Ndani huenda yapo madirisha yenye majina ya familia zilizoyalipia, na mabenchi yenye majina, na kinanda chenye jina. Sisemi kwamba ni vibaya. Mzee aliyeuza ng'ombe wake ili kanisa lipate bati anastahili kukumbukwa. Lakini nakuomba ujiulize swali moja, tuende nalo hadi mwisho wa tafakari hii: kama kibao kile kisingekuwa na nafasi ya jina, mchango ungetoka?

Nina sababu ya kuuliza. Leo nataka nikusimulie maisha ya mtu ambaye katika ujana wake alichonga jina lake mwenyewe juu ya kifua cha mama wa Bwana, na katika uzee wake akafa akichonga mama yule yule bila kuweka jina lolote. Kati ya sanamu ya kwanza na ya mwisho ilipita miaka 65. Mtu huyo ni Michelangelo Buonarroti, Mwitaliano, ambaye huenda unamfahamu kwa sanamu ya Daudi au kwa picha za dari la kanisa dogo la Sistina kule Vatikani. Hizo tutazipita haraka. Ninachotaka ukitazame ni sanamu tatu alizozichonga za mama mmoja na mwanawe mmoja.

Alizaliwa tarehe 6 Machi 1475 katika kijiji cha Caprese, ambako baba yake, Lodovico, alikuwa hakimu kwa muda. Familia ilikuwa ya watu wa Firenze waliojiona wa ukoo mkubwa, ingawa fedha zilikuwa zimekwisha. Unaijua hali hiyo, ndugu yangu. Jina kubwa, sufuria tupu. Mtoto alipelekwa kunyonyeshwa na mwanamke wa Settignano, kijiji cha wachonga mawe, na alipokuwa mtu mzima alipenda kutania kwamba nyundo na tindo alivinyonya pamoja na maziwa ya yaya yule. Mama yake mzazi alifariki mwaka 1481, mtoto akiwa na miaka sita tu.

Kumbuka jambo hilo la mama. Mtu huyu alikuja kuchonga mama akimshika mwana tangu ujanani hadi wiki ya kufa kwake, na yeye mwenyewe alikosa mama mapema mno.

Alipoonyesha kwamba anapenda kuchora, baba na ndugu za baba walimchapa. Kazi ya mikono, machoni pao, ilikuwa aibu kwa ukoo. Mwishoni baba alikubali, na mwaka 1488 kijana alipelekwa kuwa mwanagenzi kwa mchoraji Domenico Ghirlandaio. Haukupita muda mrefu akachukuliwa kwenye nyumba ya Lorenzo de' Medici, mkuu wa Firenze, ambako alijifunza kuchonga akitazama sanamu za kale. Huko ndiko kijana mwenzake, Pietro Torrigiano, alimpiga ngumi ya uso katika ugomvi, akamvunja pua. Alibaki na pua iliyobonyea maisha yake yote.

Katika miaka hiyo hiyo mji wa Firenze ulikuwa ukimsikiliza mtawa Girolamo Savonarola, aliyehubiri toba kwa ukali mpaka watu wakatetemeka kanisani. Savonarola alinyongwa na mwili wake ukachomwa moto mwezi Mei 1498. Michelangelo hakuwa mjini wakati huo, lakini hata alipokuwa mzee alikiri kwamba sauti ya mtawa yule bado inalia masikioni mwake. Mbegu ilikuwa imepandwa. Ila kuota, ndugu msomaji, ilichukua miaka mingi.

Alifika Roma mwaka 1496, akiwa na miaka 21. Miaka miwili baadaye kadinali mmoja Mfaransa, Jean de Bilhères, alitaka sanamu kwa ajili ya kaburi lake. Mkataba uliwekwa saini mwezi Agosti 1498: dukati 450 za dhahabu, kazi iishe ndani ya mwaka mmoja, nayo iwe kazi nzuri kuliko zote za marumaru zilizopo Roma. Fikiria kijana wa miaka 23 akiahidi jambo kama hilo kwa maandishi. Aliahidi, na akatimiza.

Sanamu za aina hiyo, za Maria akiwa na maiti ya mwanawe, Waitaliano huziita Pietà, neno linalobeba huruma na uchaji kwa pamoja. Hiyo aliyoichonga bado ipo Roma, katika Kanisa Kuu la Mtakatifu Petro. Maria ameketi, Yesu amelala mapajani mwake kama alivyolala utotoni. Mkono wa kulia wa mama umepita chini ya kwapa la mwana, na nyama ya mwili ule wa jiwe imebonyea pale vidole vinapogusa. Mkono wa kushoto ameufungua, kiganja juu, kama mtu asiye na la kusema. Marumaru imesuguliwa mpaka inang'aa. Na uso wa Maria ni wa msichana, kijana kuliko mwanawe. Watu walipomuuliza sababu, Michelangelo alieleza kwamba usafi wa moyo humtunza mwanamke asichakae.

Giorgio Vasari, aliyemfahamu na kuandika habari za maisha yake, anasimulia kilichotokea baadaye. Siku moja Michelangelo aliwakuta wageni kutoka kaskazini mwa Italia wakiisifu sanamu ile. Mmoja akauliza ni kazi ya nani, na mwingine akamtaja mchongaji wa kwao, wa Milano. Kijana alinyamaza. Usiku ule, kwa mujibu wa Vasari, alijifungia kanisani na taa na tindo, akachonga jina lake kwenye ukanda unaokatiza kifua cha Maria. Hadi leo mtu akisimama mbele ya sanamu ile anayaona maandishi hayo ya Kilatini, yanayomtaja Michelangelo Buonarroti, mtu wa Firenze. Katika kazi zake zote, hiyo ndiyo pekee aliyoitia jina.

Usimhukumu haraka. Nani kati yetu hajawahi kuumia moyo kwa kazi yake kupewa mwingine? Umepika chakula cha wageni wa askofu tangu alfajiri, na katika shukrani anatajwa mwenyekiti wa kinamama ambaye alifika saa sita. Umefundisha Shule ya Jumapili miaka kumi na miwili, na siku ya sherehe hutajwi. Kile kidonda cha kijana wa Roma tunakijua. Wengi wetu tungepewa taa na tindo usiku ule, tungekwenda.

Lakini katika maandishi yale lipo jambo dogo ambalo nataka ulishike. Kitenzi kilichotumika hakisemi kwamba Michelangelo aliichonga sanamu hii. Kinasema alikuwa akiichonga. Mafundi wakuu wa Ugiriki ya kale walisimuliwa kwamba hawakupenda kudai wamemaliza kazi, ndipo wakaandika namna hiyo, kana kwamba fundi ameinuka kidogo tu na anaweza kurudi. Kijana alilichukua neno hilo kama pambo la wasomi. Hakujua kwamba alikuwa akiandika habari za maisha yake mwenyewe.

Baada ya hapo jina likapaa. Firenze ilimpa pande kubwa la marumaru ambalo wachongaji wawili kabla yake walikuwa wameliacha, na kati ya 1501 na 1504 akatoa humo Daudi mwenye urefu wa zaidi ya mita tano. Papa Julius II akamwita Roma mwaka 1505 amjengee kaburi lenye sanamu zaidi ya 40. Kabla kazi haijashika kasi Papa huyo huyo akabadili mawazo, akamtaka apake picha kwenye dari la Sistina. Michelangelo alilalamika kwamba yeye si mchoraji, lakini alipanda jukwaa mwaka 1508, akasimama huku kichwa kimepinda nyuma, rangi ikimdondokea usoni, mpaka mwaka 1512. Aliposhuka, macho yalikuwa yamezoea kutazama juu kiasi kwamba kwa muda alilazimika kuinua barua juu ya kichwa ndipo aweze kuisoma.

Dunia ilishangaa. Na yeye je? Barua zake za miaka hiyo ni za mtu aliyechoka, mwenye mashaka na kila mtu, anayegombana na wasaidizi, na mafundi wa machimbo, na ndugu zake waliomwandikia kila mara kuomba fedha. Lile kaburi la Papa Julius lilimsumbua miaka 40. Mikataba iliandikwa upya mara kadhaa, warithi wakamshutumu kwamba amekula fedha. Lilipokamilika mwaka 1545 lilikuwa dogo mno kuliko ndoto ya mwanzo, lakini katikati yake ameketi Musa yule maarufu, katika kanisa la San Pietro in Vincoli. Alivaa kimaskini, akala kidogo, akalala na viatu. Fedha alizochuma alizitumia kununua mashamba na nyumba ili ukoo wa Buonarroti upate tena hadhi yake. Jina tena, unaona. Alilichonga kwenye jiwe, kisha akaanza kulichonga kwenye ardhi.

Badiliko halikuja kwa siku moja, wala sitakudanganya kwamba alikuwa mtakatifu. Ila katika miaka ya 1530, akiwa amepita miaka 60, alimfahamu Vittoria Colonna, mjane wa ukoo mkubwa, mshairi, mwanamke wa sala. Mchoraji mmoja Mreno, Francisco de Holanda, aliacha maandishi yanayosimulia mazungumzo ya kundi lao siku za Jumapili katika kanisa la San Silvestro mjini Roma. Ilikuwa miaka migumu kwa Kanisa. Ulaya ilikuwa imegawanyika tangu Martin Luther alipotoa hoja zake mwaka 1517, na sehemu ya ugomvi ilihusu fedha zilizokusanywa kwa waumini ili kujenga Kanisa la Mtakatifu Petro. Vittoria na marafiki zake walibaki katika Kanisa lao, lakini waliwaza sana habari ya neema: kwamba mbele ya msalaba mtu hana cha kuleta, anapokea tu.

Kwa Michelangelo hilo lilikuwa pigo. Yeye ndiye mtu aliyeleta kila kitu! Daudi, dari, Musa. Nani angeweza kuja mbele za Mungu na mzigo mzuri zaidi wa kazi? Na anaambiwa kwamba mizani haiko hapo.

Ukitaka kuona jinsi neno hilo lilivyomwingia, itazame picha ya Hukumu ya Mwisho aliyoipaka ukutani mwa Sistina kati ya 1536 na 1541. Mtume Bartholomayo, ambaye mapokeo yanasema alichunwa ngozi akiwa hai, ameshika ngozi hiyo mkononi. Inaning'inia tupu, kama nguo iliyoanuliwa. Na uso uliokunjamana kwenye ngozi ile, watu wengi wanautambua: una ile pua iliyobonyea. Fundi mashuhuri kuliko wote hakujiweka kati ya watakatifu, wala kati ya wafalme. Alijiweka kuwa ngozi tupu, na mtu mwingine ndiye aliyeishika isianguke.

Vittoria alifariki mwezi Februari 1547. Mwezi mmoja tu kabla, Papa Paulo III alikuwa amemkabidhi Michelangelo ujenzi wa Kanisa la Mtakatifu Petro, mzee wa miaka 71. Alikubali kwa sharti ambalo lingewashangaza wengi hata leo: asilipwe mshahara. Alisema anaifanya kwa ajili ya upendo wa Mungu na heshima ya Mtume Petro. Alipofika kazini alikuta walewale tunaowafahamu katika ujenzi mwingi, watu waliokuwa wakiishi kwa mgongo wa kanisa, vifaa hafifu vikipokelewa kwa kujuana. Alipambana nao miaka 17. Mtawala wa Firenze alimsihi arudi nyumbani apumzike kwa heshima, akakataa, kwa hofu kwamba akigeuza kisogo wale wezi watarudi. Alijua fika kwamba hataliona kuba likikamilika. Lilikamilika mwaka 1590, miaka 26 baada ya yeye kuzikwa.

Na katika barua za uzeeni kwa mtoto wa ndugu yake aliyeishi Firenze linaonekana jambo lingine. Anamwagiza atafute familia zilizoishiwa na kuona aibu kuomba, hasa zenye mabinti wasio na mahari, awape fedha. Na anasisitiza jambo moja: afanye kwa siri. Yule aliyeingia kanisani usiku ili jina lake lijulikane, sasa anatuma fedha ili jina lake lisijulikane. Ni lile fundisho la Bwana katika sura ya sita ya Mathayo, la sadaka ambayo hata mkono wa kushoto hauarifiwi.

Sasa tuje kwenye sanamu ya pili. Aliianza kadiri ya mwaka 1547, mwaka ule wa msiba, bila mkataba wa mtu yeyote. Ilikuwa kwa ajili ya kaburi lake mwenyewe. Mchana alikuwa kwenye ujenzi, usiku akachonga nyumbani, na kwa kuwa mikono yote miwili ina kazi, alijitengenezea kofia ya karatasi nzito iliyobeba mshumaa juu ya kichwa. Mwone, mpendwa: mzee wa zaidi ya miaka 70, peke yake, moto kidogo juu ya paji la uso, akitafuta mwili wa Bwana ndani ya jiwe.

Safari hii watu ni wanne. Mwili wa Yesu unaporomoka. Maria yupo upande mmoja, Maria Magdalena upande mwingine, na nyuma yao amesimama mzee mrefu aliyefunika kichwa, akiwashika wote. Vasari na wenzake walimtambua kuwa Nikodemo. Unamkumbuka: yule mkuu wa Wayahudi aliyemwendea Yesu usiku kwa kuwaogopa watu, akaambiwa kwamba mzee naye hana budi kuzaliwa upya. Yohana anatuonyesha alivyokuja baadaye, sura ya 19, wakati wanafunzi wengi wamekimbia, akibeba manukato mazito ya kuzikia. Na huko Italia ilikuwepo hadithi ya zamani kwamba Nikodemo alikuwa mchonga sanamu.

Uso wa mzee yule ni wa Michelangelo mwenyewe.

Miaka 50 kabla alijiweka kifuani, mbele, kwa herufi. Sasa yupo nyuma, gizani chini ya kofia, na kazi yake ni kubeba. Hana maandishi. Asiyemfahamu atampita.

Lakini ngoja, hadithi haiishii kwa uzuri huo. Mwaka 1555 hivi alichukua nyundo akaivunja. Sababu zinazotajwa ni nyingi: jiwe lilikuwa gumu na lina kasoro, tindo zikitoa cheche, mguu haukukaa sawa, mtumishi wake alikuwa akimsumbua kila siku amalize. Vasari anasimulia kwamba usiku mmoja alimtembelea, akaanza kuutazama mguu wa Yesu ambao mzee alikuwa akijaribu kuurekebisha, na Michelangelo akaiachia taa ianguke, giza likaingia, asiuone. Unaona? Bado alikuwa na aibu ya fundi. Bado jina lilikuwa likimuuma. Vipande viliokolewa na kuunganishwa na kijana Tiberio Calcagni. Sanamu hiyo ipo Firenze leo, katika jumba la makumbusho la kanisa kuu, na mguu wa kushoto wa Yesu haupo mpaka leo.

Mtumishi yule aliyekuwa akimsumbua aliitwa Francesco, kwa jina la utani Urbino. Alimtumikia miaka 26. Mwishoni mwa 1555 akaugua, na bwana wake, mwenye miaka 80, ndiye aliyemuuguza, akikesha kando ya kitanda chake mpaka alipokata roho. Baada ya msiba Michelangelo alimwandikia Vasari kwamba Urbino amemfundisha kufa, na kwamba sehemu yake kubwa imekwenda naye. Mtu aliyewafundisha wafalme na mapapa maana ya uzuri alisema somo kuu alipewa na mtumishi wake wa nyumbani.

Sanamu ya tatu ipo Milano, katika ngome ya Sforzesco. Wanaiita Pietà Rondanini. Alikuwa ameianza miaka ya nyuma, akaiacha, akairudia, na aliporudi hakuirekebisha, aliikata. Mwili wa Yesu aliokuwa ameshauchonga vizuri aliutoa, akachonga Yesu mwingine kutoka ndani ya kifua na bega la Maria. Mkono mmoja wa yule Yesu wa kwanza bado umesimama pembeni peke yake, umesuguliwa, mzuri, haujaungana na mtu.

Hakuna tena mapaja yaliyotandazwa, hakuna nguo zenye mikunjo ya ajabu. Wapo wawili tu, wembamba, wamesimama, wameshikana mpaka huwezi kusema mwili huu unaishia wapi na ule unaanzia wapi. Mama amesimama nyuma, juu kidogo, akimwinua mwanawe. Ukiitazama kwa muda unaona kinyume chake: mwana aliyekufa ndiye anayembeba mama mgongoni. Alama za tindo zimejaa kila mahali. Hata Nikodemo hayupo. Michelangelo ameondoka kwenye jiwe kabisa, uso na jina. Amewaachia nafasi.

Tarehe 12 Februari 1564, siku ya Jumamosi, alisimama mbele ya jiwe hilo siku nzima akifanya kazi. Alikuwa na miaka 88. Siku mbili baadaye, akiwa mgonjwa, Calcagni alimkuta nje akitembea kwenye mvua kwa sababu hakupata utulivu mahali popote. Ijumaa, tarehe 18, alifariki, marafiki wachache wakiwa kando yake. Ndani ya nyumba ile ya kimaskini walikuta sanduku lenye zaidi ya dukati 8,000 za dhahabu. Na Vasari anasema kabla ya kufa alichoma michoro yake mingi, watu wasione alivyohangaika. Kwa hiyo usidhani vita ya jina aliishinda yote. Hadi mwisho mkono mmoja ulikuwa ukifungua, mwingine ukificha. Kama wangu na wako.

Firenze waliuchukua mwili wake kutoka Roma kwa siri, wakamfanyia mazishi makubwa, wakamzika katika kanisa la Santa Croce kwenye kaburi la marumaru lenye sanamu ya kichwa chake na jina lake. Zile Pietà za uzeeni hazikuwekwa juu ya kaburi hilo. Watu walimpa alichokitaka akiwa na miaka 24.

Sasa turudi pale mlangoni kwa kanisa lako, mpendwa msomaji.

Wapo wanaosoma tafakari hii wakiwa katika sanamu ya kwanza. Una nguvu, una kipaji, na inakuuma usipotajwa. Sikukemei. Fanya kazi nzuri kadiri uwezavyo, maana Bwana hapendi kazi ya kulipua. Ila siku ile kazi yako itakapopewa mtu mwingine, usiende usiku na tindo. Mwache Mungu ajue. Katika sura ya kumi ya Luka wale wanafunzi walirudi wakishangilia mambo makubwa waliyoyatenda, na Bwana akawageuza furaha yao, akawaonyesha kwamba la kufurahia ni majina yao kuandikwa mbinguni. Huko hakuna anayeandika jina lake mwenyewe.

Wapo walio katika sanamu ya pili. Umetumika miaka mingi, na sasa unaona kasoro. Mtoto uliyemlea kwa machozi amepotea. Kwaya uliyoianzisha imesambaratika. Umeshika nyundo, unataka kuvunja vyote, au unaangusha taa watu wasione. Kumbuka kwamba sanamu ile yenye mguu uliokosekana leo inawatoa watu machozi. Mungu ana watu wake wa kuokota vipande. Na kumbuka Nikodemo alikoanzia: usiku, kwa woga. Alikofika ni kwenye kuubeba mwili wa Bwana.

Na wapo, hasa wazee wetu, walio katika sanamu ya tatu. Mwalimu mstaafu ambaye hakumaliza alichokianza. Mchungaji anayestaafu na paa halijafika. Mama anayeombea wajukuu akijua hataona jibu. Kuba haliko juu bado, na mikono inatetemeka. Kwako lile neno la kijana wa Roma linageuka kuwa faraja. Mungu hakukuuliza kama umemaliza. Anachotaka kukukuta nacho ni kwamba ulikuwa ukichonga. Na pale unapodhani umembeba Bwana miaka yote hii, tazama vizuri, huenda ni yeye aliyekubeba mgongoni.

Wiki hii jaribu jambo moja. Tafuta nyumba moja yenye shida na aibu ya kuomba, uifanyie jema ambalo hakuna atakayejua limetoka wapi. Usimwambie mchungaji wala katekista. Usimwambie hata mwenzako wa maombi. Utaona inavyouma kidogo, pale mwanzoni. Ni tindo hiyo, inafuta herufi.

Tuombe. Bwana Yesu, uliyejishusha ukawa mtumwa, tusamehe kwa kila mahali tulipoweka majina yetu juu ya kazi yako. Tufundishe kusimama nyuma na kubeba. Pokea kazi ambazo hatutazimaliza, na ziunganishe mwenyewe. Amina.

Nakutakia Jumapili njema.